Mkwe Yumo Nyasini

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Majani!
Ya nani?
Ya aliyewahi!

Basi aliyewahi alikuwa Nyati. Alikula bonde zima, kwaru, kwaru, kwaru. Swala akiomba, anaambiwa, "Nenda mbele." Sungura akiomba, anaambiwa, "Nenda mbele." Huko mbele ni mawe matupu. Mtu mmoja tu hakujua: mama mkwe wake. Siku ya posa Nyati alimwambia, "Mimi, mama, jani moja tu, nimeshiba."

Kikabaki kichaka kimoja cha nyasi kando ya kijito. Ndani ya mashina yake walikaa watoto wa Bi Nondo, yule mdudu ambaye akikunja mbawa humtofautishi na kijiti kikavu.

Nyati akaja, mdomo wazi, majani ya mwisho ya bonde yakining'inia.

Bi Nondo, aliyejibana kwenye shina, akasema, "Shikamoo, baba."

Nyati akatazama. Nyasi tu. "Marahaba. Nani wewe?"

"Mtumishi. Usiingie, baba. Mama mkwe wako yumo humu, anaoga."

Nyati akaruka nyuma, pa! Kumkuta mkwe akioga? Heri kufa. Akageuza uso. "Nilikuwa napita tu!"

"Na hayo majani mdomoni?"

"Haya… napigia mswaki."

Akarudi kesho yake. "Hodi?"

"Anajipaka mafuta."

Akarudi tena. "Hodi?"

"Anavaa kanga."

Njaa ikamchoma, aibu ikamchoma zaidi. Mwisho akapiga magoti, pua ardhini. "Nisamehe, mama. Bonde nimelimaliza mimi. Lile jani moja lilikuwa uongo."

"Nimesikia, mwanangu."

Sauti ilitoka nyuma.

Mama mkwe alikuwa amesimama pale na ukoo mzima, wamekuja kutafuta malisho. Walikuwa wamesimama kitambo, wakiyatazama makalio yake.

"Endelea tu, baba," akasema mama mkwe. "Sisi hatutazami."

Nyati akajitupa matopeni, chubwi! Zikabaki pembe.

Bi Nondo akacheka hadi unga wa mbawa ukapukutika. Wanawe wakakua, wakatafuna nyasi zile, kwechu, kwechu, hadi shina la mwisho. Swala alipoomba, wakamwambia, "Nenda mbele."

Funzo ni hili, wanangu: ulafi ni wa wakubwa. Mdogo akimaliza majani, hayo ni malezi mema. Na ukweni ombeni radhi kila mara, ila kwanza tazameni wamekaa upande gani.

Hadithi yangu ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Nyati. Mtamkuta ameinamisha kichwa. Watu husema anakula.