Zimwi Lapewa Zamu

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi asiniegemee!

Palikuwa na bibi, Mwanakheri, na kware wake aliyevunjika mguu. Akaufunga kijiti, akawa anamnywesha maji kwa ncha ya kidole, wala halali, maana zimwi lilikuwa linamvizia kware huyo.

Asubuhi likapuliza mlango, komeo likayeyuka kama samli. “Bibi, nipe kware nimle!” Bibi akalifukuza kwa mwiko. Adhuhuri likarudi, likafukuzwa. Jioni likarudi tena. Jamani, bibi alichoka hata mwiko haunyanyuki!

Kwao, anayekuja kwa mgonjwa hupewa zamu ya kuuguza. Kwa uchovu, bibi hata hakutazama mgeni ni nani. “Umekuja? Haya, mshike. Maji yale pale.” Akaanguka kitandani.

Zimwi likabaki na kware kiganjani, kijimoyo kinadunda. Likafungua kinywa limle. Kware naye akafungua chake, akingoja maji. Zimwi likaduwaa. Likamnywesha.

Alfajiri bibi akashtuka. “Kware wangu!”

“Polepole, wee bibi!” zimwi likanong'ona, macho mekundu. “Ndio kwanza amelala. Mimi sijapata hata lepe.”

Bibi akalisogezea mto. Nikawaacha hapo, wote hoi, nami hoi kuwashinda.