Sultani Hamdani na Mipira Yenye Akili

Palikuwa na sultani katika mji wa Ungamani, jina lake Hamdani, aliyeshikilia kwamba mpira wa bei kali hauwezi kukosea njia. Mpira, jamaa zangu! Wageni wa ng'ambo ndio waliomfundisha gofu: unashika fimbo, unapiga kimpira, kinaruka mbali, mwisho kinaingia shimoni. Hivyo ndivyo walivyocheza wageni. Alipopiga yeye, kimpira kilipinda kushoto, kikavuka ua, kikatumbukia katika shamba la muhogo la Bi Kidawa.

Kila siku. Kushoto, ua, muhogo.

Sultani hakujilaumu, masultani hawana mazoea hayo. Aliilaumu mipira. Akaagiza mingine, ghali kuliko yote, kila mmoja umeviringishwa kitambaa cha hariri. Mfanyabiashara aliyeileta akamwapia: "Maulana, mipira hii ina akili. Wewe piga tu, pa kwenda inapajua yenyewe."

Na kweli ilipajua. Ilikwenda kwenye muhogo.

Ndipo askari wakatumwa kumleta Bi Kidawa. Huyu alikuwa mjane fukara, hana mali ila shamba lile aliloachiwa na mama yake, na ulimi ambao hakuachiwa na mtu. Walimkuta analima. Njia nzima alikuwa na hofu, maana alikwisha kuona watu wakiitwa na Sultani asubuhi na jioni hawana pa kulala. Lakini alipofika uwanjani alipiga goti kama kawaida.

"Shikamoo, Maulana."

"Marahaba. Bibi, shamba lako linaiba mipira yangu."

"Kwa mikono ipi, Maulana?"

"Kwa uchawi! Mipira hii haina mfano duniani. Haiwezi kukosea. Ikija kwako, basi imevutwa."

"Na ile ya zamani, ya bei rahisi, ilikuwa ikienda wapi?"

Sultani akakohoa. Waziri Mbaruku akageuka kutazama mawingu.

"Kwako vilevile," akasema Sultani.

"Basi faida ya hii ya ghali nimeiona. Ile rahisi ikipotea, inapotea peke yake. Hii ikipotea, inaondoka na askari wote wa mji kwenda kuitafuta."

Mtu mmoja huko nyuma akacheka, akawahi kukigeuza kicheko kikawa chafya.

"Unathubutu kuilinganisha?" Sultani akafoka.

"Mimi ni nani, Maulana? Ilinganishe mwenyewe. Huu hapa mmoja wa zamani, nimeuokota leo nikipalilia. Upakwe chokaa pamoja na mmoja wa ghali, Waziri akuwekee mmoja baada ya mwingine bila kukwambia upi ni upi. Ule wenye akili utajitambulisha."

Sultani akaona ushindi huo, uko mkononi. Akakubali.

Fimbo ikapanda, ikashuka, paa! Kushoto, ua, muhogo. Ukawekwa wa pili. Paa! Kushoto, ua, muhogo. Safari hii likasikika shina likivunjika, na Bi Kidawa akauma mdomo, kwani ndilo alilonuia kuling'oa kwa chakula cha jioni.

"Upi ulikuwa wa ghali, Maulana?" akauliza kwa adabu zote.

Sultani hakujua. Akamtazama Waziri. Waziri naye, maskini, alikuwa amesahau kwa hofu.

Jasho likamtoka Sultani chini ya kilemba, na kwa hasira akamtegea mjane mtego.

"Sikiliza, bibi. Kosa lipo, na utanitajia hapa hapa ni la nani. Ukisema ni la mipira, umeniita mjinga niliyepunjwa: kifungo. Ukisema ni la mpigaji, umenitukana: kifungo na bakora. Na kama si la mipira wala la mpigaji, basi ni la shamba, nami nalichukua. Haya, sema!"

Bi Kidawa alikuwa angali amepiga goti. Upande wa kushoto, nyuma ya ua, aliyaona majani ya muhogo wa mama yake yakichezacheza. Akageuza macho kulia. Kule, penye shimo, kibendera kilisimama kipweke, na nyasi zilizokizunguka zilikuwa laini, hazijawahi kusumbuliwa na mpira hata mmoja. Akavuta pumzi.

"Kosa ni la shimo, Maulana."

"La shimo?"

"La shimo. Mipira haina neno. Na mpigaji ndiyo usiseme! Apige wa ghali, apige wa rahisi, apige asubuhi, apige alasiri, mpira unaangukia palepale. Nani mwingine ana shabaha kama hiyo? Ila hilo shimo, Maulana, limechimbwa pasipo pake."

"Kweli tupu!" Waziri akadakia, maana hakuwa na pengine pa kukimbilia. Umati wote ukaitikia.

Sultani akakiweka sawa kilemba chake. Maneno yale yalimwingia matamu. Shabaha! Akatembea hatua chache, akanyoosha mgongo, akatabasamu. Halafu akakumbuka kwamba amekuja kumkomoa mwanamke huyu, na tabasamu likageuka jingine kabisa.

"Umesema vyema, bibi. Shimo linahamishwa. Kesho askari wangu watalichimba katikati ya muhogo wako, utake usitake, na huko ndiko nitakakopiga kila siku ya Mungu. Haya, lia sasa, tukusikie."

Watu wakainamisha vichwa kwa huruma. Bi Kidawa akainuka, akapangusa magoti yake taratibu.

"Nilie nini, Maulana? Ahsante sana. Mji huu mzima hauna mahali salama pa kupanda muhogo kama kando ya shimo lako."