Kasha Zito la Pimbi

— Paukwa!
— Pakawa!
— Wenye masikio?
— Tunayo!
— Wenye simu?
— Tumezizima!
— Mwongo wewe hapo nyuma, nimeiona inawaka. Haya, zima, nianze.

Zamani za kale, lakini si kale sana, maana umeme ulikuwa umeshafika porini, palikuwa na Kiboko. Kiboko huyu alikuwa na studio kando ya bwawa, na studio yake ilijaa mashine. Mashine za kunenepesha sauti, mashine za kutia mwangwi, mashine za kazi asiyoijua hata mwenyewe. Kila moja ni kasha la chuma lenye vitufe vya kuzungusha na taa nyekundu. Kila siku Kiboko husema, "Nzito ndiyo nzuri." Na wanyama huitikia, "Nzito ndiyo nzuri, Mzee."

Wasipoitikia watafanyaje? Siku ya ngoma ya mavuno, mwenye spika ni yeye. Na sheria yake ilikuwa hii: wimbo haupigwi mpaka upite kwenye mashine zake, na ukishapita ni wake. Chura alipeleka wimbo, ukawa wa Kiboko. Kanga akapeleka wake, ukawa wa Kiboko. Ikawa Chura akitaka kuimba wimbo wake mwenyewe, sharti apige hodi kwanza. Jamani!

Sasa, juu kwenye majabali aliishi Pimbi, mnyama asiyejaza hata kikapu. Alikuwa na kompyuta kuukuu, maikrofoni iliyofungwa kwa mpira, na bibi yake. Bibi alikuwa na wimbo wa kuwaita wajukuu jioni, na koo lake lilikuwa limeanza kukauka. Basi Pimbi akatundika mablanketi pangoni kuzuia kelele, akamrekodi. Mwangwi akautia kwa programu. Sauti akainenepesha kwa programu. Alipousikiliza, kifua kikamjaa.

"Wimbo huu utapigwa kwenye ngoma Bibi akiwa hai," akasema, "na utaitwa wa Bibi. Kiboko haupati ng'o!"

Akateremka bwawani.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Nimerekodi wimbo wa Bibi, naomba upigwe kwenye ngoma."

"Marahaba. Umeurekodi kwa kutumia nini?"

"Kwa kompyuta, Mzee."

Kiboko akacheka mpaka maji yakayumba. "Kompyuta! Hiyo ni sauti ya kopo, mjukuu wangu. Haina joto, ule utamu wa mashine zangu. Hebu sikiliza wimbo wa Chura. Wimbo wangu, yaani." Akaupiga, akashika kitufe cha kasha kubwa, kri-kri-kri, akafumba macho. "Umesikia joto hilo?"

Pimbi alisikia wimbo ule ule. Akainamisha kichwa kwa adabu, na hapo ndipo alipoiona plagi ya lile kasha imelala sakafuni. Haikuchomekwa popote. Taa haiwaki. Kicheko kikampanda, akakimeza.

"Nimelisikia, Mzee," akasema. "Nami nyumbani nina kasha la urithi. Zito mno, siwezi kulileta. Njoo ulisikilize."

Alipofika kwake akatafuta kasha bovu la chuma, akalijaza mawe. Usoni akapachika vitufe, akabandika kitaa cha betri. Nyuma akafunga waya, akaupitisha chini ya mkeka, ukaishia huko huko chini ya mkeka.

Kesho yake Kiboko akapanda majabali, huu! huu! huu! Wanyama wote nyuma yake, maana Kiboko kupanda mlima si jambo la kukosa.

Pimbi akaupiga wimbo wa Bibi. "Mwembamba!" akasema Kiboko. Pimbi akawasha kitaa, pa!

"Zungusha mwenyewe, Mzee."

Kri-kri-kri. "Sasa?"

"Bado," akajibu Kiboko.

Kri-kri-kri. "Sasa?"

"Mmh, inakuja."

Kri. "Hapo! Hapo hapo! Asiguse mtu!" Machozi yakamtoka Kiboko. Akajaribu kuliinua kasha kwa mkono mmoja, likagoma. "Lo, zito!"

"Nzito ndiyo nzuri, Mzee," Pimbi akaitikia.

"Nipe."

"Ni urithi, Mzee."

"Nipe, nimesema!"

"Marehemu babu atanitokea."

"Basi taja chochote utakacho!"

Pimbi akajikuna shingo. "Warudishie wenyewe nyimbo zao. Na kwenye ngoma kila mtu apige wimbo wake, kwa jina lake."

Tamaa haina masikio, wenzangu. "Nimekubali! Nyote mashahidi!" Akalibeba, akateremka nalo akihema.

Siku ya ngoma ikafika. Kiboko akaliweka kasha juu ya spika lionekane na wote. Pimbi akatangaza, "Wimbo wa Bibi yangu!" akabonyeza kompyuta yake. Sauti ikatoka, ikajaa bonde zima.

Kiboko hakuvumilia. Akasimama. "Mnasikia kazi ya kasha langu?" Akalipiga kofi la maringo, pu! Kasha likaanguka, gara-gara-gara! Mawe yakatawanyika, na waya ukaning'inia, haukuchomekwa popote. Wimbo je? Haukupungua hata chembe.

Kanga alicheka mpaka akataga. Kiboko akajitosa bwawani, chubwi! Mpaka leo hutoa masikio tu juu ya maji, bado analitafuta joto. Pimbi akapanda juu ya spika, kifua mbele. "Mawe ya kwetu hayo!" akapaza sauti. "Na wimbo ni wa kwetu!"

Bibi akamvuta chini. "Huyo anayeimba ni binti wa nani?"

"Ni wewe, Bibi."

Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akajipangusa macho. "Kumbe niliimba hivi," akasema. Kisha akamsogelea sikioni. "Lakini, mjukuu wangu, kabla kasha halijaanguka palikuwa na kajoto kidogo."

Asubuhi Pimbi akafungua mlango, akakuta foleni. Chura, Kanga na wengineo, kila mmoja na wimbo wake mkononi, na kila mmoja amebeba jiwe la kuutia joto.

Hadithi imefika kwake, mimi nimebaki kwangu. Ikiwa tamu, gawaneni; ikiwa chungu, nirudishieni niitie chumvi.

Na funzo? Funzo ni lile lile la Mzee Kiboko: nzito ndiyo nzuri. Anayebisha na aje, ila asisahau jiwe lake.