Jina la Mtoto na Vitabu Vitatu

Tegeni masikio, enyi mnaojua kuamua, kwa maana kisa hiki kimekosa hakimu.

Katika mtaa mmoja wa Pangani waliishi wanawake watatu, kila mmoja na kipawa chake. Bi Salme, mjane wa fundi wa kujalidi vitabu, hakujua kusoma, lakini akikitafuta kitu hakurudi mikono mitupu. Zuwena alijaliwa sauti ambayo hata wagomvi walinyamaza kuisikiliza. Saumu alijaliwa jicho: aliyaona mapema mambo ambayo wengine huyaona yakishatokea.

Aliyewaunganisha ni Mwanahawa, mkaza mwana wa Bi Salme, jirani wa Zuwena na mke mwenza wa Saumu. Alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu iliposhika, daktari alimwamuru alale kitandani hadi ajifungue. Kwa mwanamke asiyetulia hata chai ikiwa jikoni, amri hiyo ilikuwa kifungo.

Bi Salme akaenda mnadani, akarudi na kitabu kinene cha habari za mabaharia ambao meli yao ilinaswa na barafu, wakangoja majira mazima bila kusogea.

"Umejuaje kuwa ni kizuri, mama?"

"Sikujua. Nimechagua kinene. Chembamba ungekimaliza ukashika ufagio."

Mwanahawa alikisoma polepole, na kwa kuwaona wale wakingoja, naye akajifunza kungoja. Miezi ya hatari ya mwanzo ilipopita, aliweka nadhiri mbele ya wanawake wote watatu: akijaliwa binti mzima, binti huyo ataitwa jina la mtu aliyempa kitabu atakachokipenda kuliko vyote mwaka ule. Nadhiri ilikuwa nyepesi, kwa kuwa kitabu kilikuwa kimoja tu. Bi Salme alifuta machozi. Hakuna mjukuu aliyewahi kulibeba jina lake.

Kisha damu ikamtoka. Daktari alimhakikishia kwamba mtoto yu hai, lakini Mwanahawa hakuamini tena. Aligeukia ukutani, akaacha kusoma, akaacha na kula. Ndipo Zuwena alipokuja na riwaya ya mapenzi, akaketi kizingitini na kuanza kusoma bila kuombwa. Kila kisa kilipofika penye roho juu, alikifunga kitabu.

"Shoga, usinifanyie hivyo. Alimfungulia mlango au hakumfungulia?"

"Ufunguo umo kwenye bakuli la uji. Kunywa, nikufungulie."

Akanywa. Alilishwa hivyo, sura baada ya sura, hadi mwanamke wa riwaya akajifungua mtoto mzima. Mwanahawa alilia, na tangu hapo akaanza tena kuongea na tumbo lake.

Akabaki Saumu. Yeye hakuwa na mtoto, na tangu Mwanahawa aolewe, salamu zao zilipitia kwa mume. Jumatatu moja aliingia chumbani, akaweka kitandani kijitabu cha hadithi fupi.

"Anza na ya mwisho," alisema, akatoka.

Ilikuwa habari ya mjamzito aliyevimba uso, akaumwa kichwa, akaona vimulimuli mchana kweupe, akasema ni uchovu, akafa. Mwanahawa alikuwa akiviona vimulimuli hivyo, na hakuwa amemwambia mtu. Akaomba apelekwe hospitali papo hapo. Alipasuliwa, na binti akatoka mzima.

"Mngechelewa kidogo," daktari alimwambia, "ningewapoteza wote wawili."

Hapo ndipo nadhiri nyepesi ilipokuwa nzito. Mwanahawa alikirudia kitabu cha Zuwena ili auonje tena mwisho wake, akakuta mtoto wa riwaya anakufa. Mwisho ule mwema haukuandikwa popote.

"Ulinidanganya," alimwambia Zuwena.

"Nilikulisha. Ningekusomea yaliyoandikwa, ungeumaliza ule uji?"

Akamwita Saumu. "Uliuona lini uso wangu umevimba?"

"Ijumaa."

"Na kitabu ukakileta Jumatatu. Ulimi wako ulikuwa wapi?"

Saumu aliitazama mikono yake. "Ningekwambia unakufa, ungesema mke mwenza anakuombea mauti. Nilitafuta kitu ambacho usingekishuku."

Mwishowe akamuuliza Bi Salme kama kitabu cha mabaharia alimletea kwa kumpenda yeye.

"Nilimletea mjukuu wangu," alijibu mama mkwe. "Wewe nimekuja kukupenda baadaye. Sitakuficha."

Mwanahawa hakupata usingizi mzuri tena. Cha kwanza kilimtuliza, ila hakikutafutwa kwa ajili yake. Cha pili alikipenda mno, lakini alichokipenda hakimo kitabuni. Cha tatu kiliokoa roho mbili, naye hawezi kukigusa bila kuzihesabu zile siku tatu zilizopotea.

Siku ya saba ikafika. Mtoto alinyolewa, na shehe akampakata.

"Anaitwa nani?"

Bi Salme alikuwa amesimama wima kama mtu anayengoja kuitwa. Zuwena alikuwa ameshika bega la Mwanahawa. Saumu, aliyebeba beseni la maji, aligeuza uso wake mlangoni. Nadhiri waliisikia wote, na mtoto hawezi kugawanywa mafungu matatu. Mwanahawa akafumbua kinywa.

Mimi ninakomea hapa, kwa sababu kila ninapomsemea, mwingine hudhulumiwa. Basi niambieni ninyi: lau mtoto huyo angekuwa mikononi mwako na shehe anangoja, wewe ungemtaja nani?