Kigoda Kitupu Kilichojibu

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, wanyama walipokuwa na shule yao, mwalimu alikuwa Korongo. Miguu mirefu, mdomo mrefu, subira fupi.

Kila asubuhi aliita majina. Ngiri? Nipo. Sungura? Nipo. Sudi wa Kinyonga? Kimya. Korongo aligonga ubao kwa mdomo, ko ko ko, akaita jina jingine. Kigoda cha Sudi kilikuwa kitupu jana, kitupu leo. Na Tembo, mkuu wa shule, alikwishasema: mtoto asiyeonekana mpaka mvua zianze, kigoda chake atapewa mwingine. Na mawingu, wenzangu, yalikuwa yanakusanyika.

Korongo akaenda kwao Sudi, mtini. Hodi. Kimya. Hodi tena, mtoro yuko wapi? Kimya. Juu ya mti hakuna mtu, ni majani na matawi tu. Akarudi amenuna, akisema wazazi wa siku hizi hawajali. Mnamsikia? Mwalimu huyo hakuwahi kupiga hodi kwa mzazi ila amebeba mashtaka. Mwanao mchafu, mwanao mtoro, mwanao kamuuma mwenzake. Wanyama wakimwona kwa mbali, walifunga milango.

Siku moja akatega kitendawili darasani. Ana miguu minne, wala haendi popote. Watoto wakakuna vichwa, wakashindwa. Korongo hakungoja, akaingia kwenye hesabu. Tatu na mbili ni ngapi?

"Kigoda," ikajibu sauti.

Darasa likaangua kicheko, kwa kwa kwa. Korongo akamkaripia Ngiri, maana Ngiri ndiye hukaripiwa. Ngiri akaapa kwamba si yeye.

Masomo yalipokwisha, Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akawaza. Kigoda ni jibu sahihi. Sahihi, ila limechelewa. Nani huyo? Na mbona sauti ilitoka upande wa kigoda kitupu? Udadisi ukamwasha kama upupu. Akarudi kwenye mti ule ule. Safari hii hakuuliza mtoro yuko wapi.

"Hodi, mama," akasema polepole. "Leo sina mashtaka. Darasani kwangu kuna sauti imetegua kitendawili kilichowashinda wote. Nimekuja kumpongeza aliyeilea."

Akangoja. Akangoja kwa mguu huu, akangoja kwa mguu ule. Mara tawi likafumbua macho, jicho moja huku, jingine kule. Tawi likageuka kijani, likawa Mama Kinyonga.

"Karibu, mwalimu. Hodi zako nilizijua ni shari, nikajigeuza gome la mti. Mwanangu naye kanirithi. Ukigonga ko ko ko, huogopa, akawa rangi ya kigoda. Na sisi jibu letu huja kwa mwendo wetu. Sudi huitika kila siku. Wewe huwa umeshafika kwenye jina la Nyani."

Korongo akaona haya mpaka magotini. Akaomba radhi, akaomba afundishwe namna ya kumwita mtoto. Mama akamweleza: mwite mara moja, kwa sauti ya chini, kisha nyamaza.

Kesho yake radi ikanguruma, na Tembo akaja kuchukua kigoda.

Korongo akaita kwa upole, "Sudi wa Kinyonga." Kimya. Tembo akanyoosha mkonga. Korongo akamzuia kwa bawa, naye moyo unamdunda, du du du. Matone ya kwanza yakaanguka, to, to. Juu ya kigoda, rangi ya kijani ikajitokeza kidogo kidogo, toka mkiani hadi puani.

"Nipo, mwalimu," akasema Sudi. "Na tatu na mbili ni tano."

Tembo akarudisha mkonga wake. Tangu siku hiyo Korongo hutangulia kupeleka habari njema, na hata akija na mbaya, milango haifungwi.

Basi wanangu, nanyi walimu na wazazi mliokaa huko nyuma: mwalimu asiyezungumza na nyumbani hamjui mtoto, na hodi ya heri ndiyo hufungua mlango. Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya kigoda cha Sudi.