Kapu la Korongo na Uwanja wa Tembo

Hapo zamani za kale, enzi hizo wanyama wakilipa nauli kwa karanga, palikuwa na pimbi mmoja kijana, Mama Kidawa, aliyekaa juu ya mwamba na mwanawe. Na huyo Kidawa alikuwa anakohoa. Si kikohozi cha mchezo, wanangu. Koho! Koho! Koho! mpaka mbavu zinaingia ndani, mama anashika kifua cha mtoto, anashika chake, hajui kipi kinauma zaidi. Bibi Nungunungu, mganga wa vifua, alikaa ng'ambo ya mto, na njia ya miguu inapita mlangoni kwa Chui. Sasa mama wa watu apite wapi?

Ndipo ikaja habari ya Korongo. Ameanzisha usafiri wa angani wa bei poa! Kapu shingoni, abiria ndani, vuuu! ng'ambo. Nauli karanga moja tu. Ila mzigo unalipia mbali, kukaa pembeni uone nje unalipia mbali, na ukiuliza "tumefika wapi?" hilo nalo mbali.

Upande huu Korongo alitaka kituo kimoja. Tembo, mwenyekiti wa Bondeni, alikuwa na uwanja mpana, nyasi zimefyekwa vizuri, lakini kufika huko ni kulekule kwa Chui. Pimbi walikuwa na jiwe bapa, basi.

Mama Kidawa akamfuata Korongo alikopumzika.

"Shikamoo, Kapteni. Kituo unachaguaje?"

"Marahaba. Uzuri wa uwanja mimi siuli, binti. Nauli yangu ndogo, kwa hiyo napata kwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Nikisimama chini, sijala. Anayenipakia abiria upesi na hanidai ushuru, huyo ndiye wangu. Kesho naanza kwa Tembo, kisha kwenu."

Loo! Mama Kidawa hakulala kwa mawazo. Alfajiri Chui alipokuwa bado anakoroma, akamwacha mtoto kwa wenzake, kikohozi kisije kikamwamsha Chui, akateremka mbio mpaka Bondeni.

"Shikamoo, mzee mwenyekiti."

"Marahaba. Mmekuja kushindana na sisi, nyie vipande vya mawe?"

"Hata! Tushindane na nani, mzee? Tumeshakubali. Mgeni mkubwa kama yule tutampokeaje sisi? Hatuna turubai, hatuna kwaya, hatuna hata mgeni rasmi..."

Masikio ya Tembo yakasimama wima. "Mgeni rasmi?"

"Si ndiyo itifaki, mzee? Nyinyi wakubwa ndio mnaijua. Utambulisho, risala, hotuba..."

"Na mimi nitasema machache!" akadakia Kiboko, makamu wake. Machache ya Kiboko, wanangu, huwa yanamaliza mchana.

Moyo wa Mama Kidawa du-du-du, maana wakigutuka tu kwamba anawachezea, Kidawa ndiyo basi tena. Lakini mdomo nao hauna adabu, ukauliza: "Na mzee mwenyewe utasafiri?"

Tembo akacheka, miti ikatikisika. "Niingie wapi? Kapu lile halinitoshi hata mguu! Lakini mji usio na uwanja, huo nao ni mji?"

Mama Kidawa akarudi mwambani anahema. Akawapanga pimbi wenzake kwenye jiwe, mmoja nyuma ya mwingine, karanga mkononi, watoto mgongoni. "Akitua, ingieni. Hakuna kusalimiana!"

Kule Bondeni Korongo akatua, puu! Abiria wa kwanza, Digidigi, akainua mguu apande kapuni.

"Weweee! Shuka!" Tembo akanguruma. "Mgeni hajatambulishwa!"

Ngoma zikalia. Kwaya ya Vyura ikaimba ubeti, ikarudia. Wakasimamishwa ukoo wa Tembo, wapigiwe makofi. Wakasimamishwa ukoo wa Nyati. Kiboko akakohoa kusafisha koo, akasema hana mengi. Korongo akatazama jua. Akatazama kapu, tupu. Akabadilisha mguu.

Huko juu Mama Kidawa anachungulia, mtoto anamkoholea shingoni, koho, koho, na sauti inazidi kuwa ndogo. Akaanza kujuta. "Nimewapa maneno mengi mno! Atakaa huko mpaka jioni!"

Mara Tembo akafunua risala yake, akainamisha kichwa asome. Korongo akamnong'oneza Digidigi, "Nakwenda kunywa maji mara moja." Vuuu!

Akatua kwenye jiwe bapa, macho yamemtoka.

"Hotuba iko wapi?"

"Hotuba ya nini, Kapteni?" Mama Kidawa alikuwa ameshaingia kapuni, na nyuma yake pimbi tele, chwa-chwa-chwa, kapu limefurika. "Twende!"

"Na ushuru wa kutua?"

"Jiwe la Mungu hili! Twende, mtoto anazidiwa!"

Korongo akapaa anacheka. "Kituo changu ni hapa hapa. Kesho mapema, na keshokutwa."

Wakapita juu ya Bondeni. Chini Tembo bado anasoma, "...na jambo la tisa, mheshimiwa..." Akainua macho, akaona kapu linakatiza, mabawa yanapiga. Akavimba kwa furaha.

"Mmeona? Anatupungia! Makofi, jamani!"

Wakapiga makofi, pa-pa-pa, mpaka Korongo akatua ng'ambo, mlangoni kwa Bibi Nungunungu, na Kidawa akanyweshwa dawa, akavuta pumzi moja ndefu.

Basi wanangu, mwenye haraka mpishe njia kwanza, sifa zake atazisikia akirudi.