Springi Hazipelekwi Madhabahuni

"Na springi je?"

Fundi aliuliza hivyo mbele ya kamati nzima, ofisini kwa usharika. Mmoja alikohoa. Mwingine akafunua ukurasa wa ajenda. Mwenyekiti akasema, "Tuendelee."

Sikilizeni vizuri, ndugu zangu, maana mfano huu hauna watu wabaya. Ungekuwa nao, tungerudi nyumbani tukalala usingizi.

Kulikuwa na usharika mmoja milimani, wenye lori moja kuukuu. Lori lilibeba mbao, lilibeba kwaya, lakini kazi yake hasa ilikuwa kubeba wajawazito: uchungu ukimshika mama, lori ndilo lililompeleka hospitali, ng'ambo ya mlima. Mwaka huo likaanza kushindwa kupanda. Fundi akafungua injini, akakuta kemshafti imelika. Kemshafti ni kile chuma kirefu chenye vinundu. Kikizunguka, vinundu vinasukuma fito nyembamba ziitwazo pushirodi, fito zinafungua valvu, kisha springi inairudisha kila valvu mahali pake. Ndivyo injini inavyopumua.

Kamati ikaagiza kemshafti mpya, yenye vinundu virefu kuliko vya zamani, ili lori lipate nguvu. Ilipofika wakaivika kitenge, wakaipeleka madhabahuni kwa nyimbo na vigelegele, kama ilivyo desturi yao kwa kila kitu kipya. Jina la muumini aliyeilipia likasomwa mara mbili. Fundi, mwanamke wa makamo aliyerithi gereji ya baba yake, alikaa benchi la nyuma na hakupiga kigelegele. Alikuwa anawaza springi.

Kesho yake akarudi ofisini. Akaweka mezani springi ya lori, na kando yake springi mpya aliyoazima dukani. Ile ya zamani ilikuwa fupi kwa upana wa ukucha. Akachukua pushirodi moja, akaiviringisha juu ya kioo cha meza. Ikaenda ikichechemea kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Baba mwenyekiti, unaona? Imepinda. Na hizi springi zimechoka. Vinundu virefu vinataka springi ngumu, na pushirodi nene zenye urefu wake. Tukifunga hizi, siku lori litakapovuta mlima valvu itachelewa kurudi, pistoni itaigonga."

"Mbona mpaka jana zilikuwa zinafanya kazi, mama?"

"Jana zilikuwa na mzigo wa jana, baba."

Mzee mmoja akacheka. "Mwanamke akishika spana, hata nati nzima ataikuta na homa!"

Wakacheka wote. Mwenyekiti akangoja kicheko kiishe, kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioua: "Mama, hizo springi atajitolea nani? Mtu apande madhabahuni na springi mkononi? Zikishafungwa hata hazionekani. Wewe funga tu. Tutaombea."

Akafunga.

Msinikimbilie na huruma hapa. Alifunga kwa mikono yake, akijua anachofanya. Alikuwa amechoka kuitwa mwanamke mwenye maneno mengi. Injini ikawaka, ikanguruma vizuri ajabu, na mwenyekiti akampigia kelele kutoka ng'ambo ya uwanja, "Umeona sasa?" Akaona. Hata yeye, kwa wiki mbili, alijaribu kuamini kwamba alikosea.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, lori likapanda mlima na binti mmoja mwenye mimba yake ya kwanza. Kwenye kona ya mwisho dereva akakanyaga mafuta. Injini ikalia kama sufuria lililojaa kokoto, ikazima. Wanawake wawili waliomsindikiza wakashika khanga zikawa ukuta. Mtoto akazaliwa barabarani. Hakulia.

Makaburini mwenyekiti alisimama, machozi yakimtoka, na yalikuwa ya kweli. "Ndugu zangu, haya ni mapenzi ya Mungu. Nani awezaye kuyahoji?"

Watu wakaitika amina.

Fundi akasimama. "Msimsingizie Mungu. Nimeifungua ile injini. Valvu mbili zimegongwa, pushirodi imekunjika kama goti. Ni springi. Mliambiwa. Na mimi niliyewaambia ndiye niliyezifunga." Akamgeukia yule binti. "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe."

Binti akainua uso, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kamati ikakutana juma hilohilo. Mnadhani ilijadili springi? Ilimtenga fundi na meza ya Bwana kwa miezi sita, kwa kosa la kuvuruga mazishi. Usharika mzima, mtu mmoja tu aliungama, na huyo ndiye aliyefungiwa mlango.

Sasa, sisi ni nani humo? Naona kila mtu hapa ameshajipa nafasi ya fundi. Hapana, ndugu zangu. Tushuke. Sisi ndio tulioitika amina. Tunapenda kutoa kitu kinachobebwa kwa nyimbo. Tuna vipaza sauti vipya, na mwalimu wa shule ya Jumapili anafundisha watoto tisini peke yake, huu mwaka wa nne. Tumeongeza ibada ya tatu, tumeongeza semina, tumeongeza mkesha, na wanaopika, wanaofagia, wanaokesha na wagonjwa ni walewale watano. Wametuambia wamechoka. Tumewaambia tutawaombea. Siku mmoja wao akianguka tutasema ameshambuliwa na shetani, au ameitwa na Bwana, jina lolote litakalofaa mradi lisiwe letu. Mungu ana mapenzi yake, siyakatai. Lakini je, ni maiti wangapi tuliowazika kwa jina lake, ilhali onyo lilikuja kwetu, mezani kwetu, likaviringishwa juu ya kioo tukaliona linachechemea?

Basi nawaomba jambo moja. Wiki hii mkienda msibani, msimwambie mfiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu. Shikeni ndoo, mkamtekee maji.